Karani wa Shika Kwanza

Nimechoka kusikia Karani akisifiwa. Kila nikenda mazikoni, kila nikikaa harusini, hakosi mtu wa kusema, "Yule mzee ndiye aliyetufungua macho." Na wanaosema hivyo nnawajua mmoja mmoja. Ni wale wale waliokuwa wakimwona anakuja kwa uchochoro wa Mkunazini wakageuza njia kama wameona jini. Leo kila mmoja ana simu mbili mfukoni, na simu zenyewe kanunua kwangu, kisha anajishika ndevu na kumsikitikia Karani. Wananitia hasira. Lakini nikisema nnawakasirikia wao peke yao nitakuwa nnasema nusu, na hasira yangu haikubali nusu.

Kwanza mumjue anayesema. Mimi nimetoka Matemwe na suruali moja. Skuli niliishia darasa la tano. Nimesukuma gari la hamali Darajani miaka tisa, mvua na jua, watoto wa mjini wakiniigiza maneno yangu ya shamba. Leo nna maduka matatu ya simu, moja lipo Kendwa mkabala na mahoteli, Wataliani wanaingia wananiita bosi. Sikurithi hata kijiko. Kwa hivyo mtu akinambia, "Wewe Karani ndiye aliyekufunza kazi," damu hunichemka. Humjibu, "Karani hakuuza hata betri moja katika umri wake!" Na hilo ni kweli tupu. Hakuuza. Ndipo ubaya wake ulipo.

Habari za ukoo wake siziandiki. Wenyewe wanazo, na yeye hakuwa akizitaja. Alikuwa mwembamba, mweupe, karani wa forodha bandarini mpaka alipostaafu. Kanzu zake alizishonesha kwa fundi mmoja tu, kwa sababu fundi yule alikubali kumtilia mifuko minne ya ndani, na kila mfuko una mwenyewe: redio ndogo ya masafa mafupi, kinasa sauti cha kanda, kalkuleta, na cha nne kinabadilika kila mwaka. Basi akitembea anatuna huku na huku kama mwizi wa maembe. Vyote kavinunua kwa mshahara wake kwa mabaharia waliotoka Dubai. Pale bandarini mali ilipita mbele yake kwa makasha, wenziwe wakajenga, yeye hakuchukua hata waya.

Watu waliuliza anataka nini. Mimi nilivyomwona, alikuwa anataka kitu kimoja: mtu asiyemjua akishike kidude chake, uso ubadilike. Basi. Akishauona uso umebadilika, kashiba siku ile.

Na alikuwa na ufundi wake. Hakueleza kitu. Anamsogelea mtu, "Salaam aleikum, shika kwanza," anamtia mkononi, halafu yeye mikono yake anaipeleka nyuma ya mgongo na kuifumbata. Umeshaelewa? Huwezi kumrejeshea. Umesimama katikati ya njia na kitu cha watu, ukikiangusha umevunja, ukikimbia umeiba. Unabaki hapo. Ndipo anaposema, akitazama pengine, "Bonyeza hapo. Hakikung'ati."

Nimemwona akimfanyia hivyo askari aliyekuja kututimua barazani. Askari kaja na kirungu, mara kirungu kipo kwapani na redio ipo sikioni, anasikiliza mpira wa nchi ambayo hata yeye haijui.

"Nani kafunga?" tukamuuliza.

"Nyamazeni nyinyi!" akasema askari. "Kona hiyo."

Alikaa mpaka mwisho wa mchezo. Habari ya kututimua kaisahau.

Siku nyengine tulikuwa nje ya posta. Palikuwa na bibi mmoja mtu mzima kakaa anamsubiri mwandishi wa barua amwandikie mwanawe aliye Maskati. Mwandishi hakutokea. Karani huyo, kamkabidhi kinasa sauti. "Shikamoo bibi. Shika kwanza. Sema na mwanao."

"Marahaba. Mwanangu yumo humu?"

"Hayumo. Wewe sema, mimi nitaipeleka kanda kwa mtu anayesafiri."

Bibi alianza polepole, na salamu za jirani. Kisha akapata moto. Akamsema mwanawe pale njiani kwa kutooa, kwa kutoandika, kwa ile shuka aliyoondoka nayo, mpaka wapita njia wakasimama. Alipomaliza Karani akairejesha kanda nyuma, akampigia asikie. Bibi akasikiliza, akakunja uso. "Nani huyu mgomvi ananiiga?" Watu walianguka kwa kicheko, na yeye mwenyewe akacheka akajifuta kwa upindo wa buibui. Kanda ilikwenda Maskati kweli. Na tangu hapo bibi yule kila mwezi alikuja kugombana na mwanawe kwa kinasa sauti cha Karani.

Ukisita kabisa, alikuwa anasema neno moja: "Kilaze." Maana yake kichukue, kilale kwako usiku mmoja, kesho unirejeshee. Hakuuliza jina lako wala unakaa wapi. Mimi nikimwambia, "Ami, hawa watakuibia." Ananijibu, "Mtu akilala na kitu, asubuhi ama kinamtaka ama hakimtaki. Mwizi hawezi kulala." Sikuielewa falsafa hiyo na mpaka leo siielewi. Ila vitu vilirudi. Baharia mmoja wa Tumbatu alirudisha redio baada ya miezi minane, kaifunga kwa leso, na ndani ya leso vipande vya ndizi kavu na salamu.

Sasa dukani kwangu, mteja akisita, namwambia aondoke na simu, ailaze, kesho aje ama na pesa ama na simu. Hakuna duka jengine Unguja linafanya hivyo. Watu wananiita mjanja. Nami naitikia. Sasa mumejua.

Nyumbani kwake lakini! Mtu huyo aliyetuhubiria vidude mkewe alipiga pasi ya mkaa mpaka anakufa. Hamna friji, hamna televisheni. Alisema kisichoingia kiganjani kinataka kukutawala. Na betri zikimwishia anakwenda kuzitoa kwenye tochi ya nyumbani. Bi yule mkewe alikuwa akituambia dirishani, "Mume wangu ana dunia nzima mfukoni na mimi nnakwenda chooni gizani." Karani anainamisha kichwa, hazirejeshi. Na kufungua kitu kwa bisibisi hajui, anaogopa. Kikiharibika anakitia kwenye sanduku la bati na kukaa kimya siku mbili, kama kafiwa.

Mimi nilimjuaje? Nilipumzika na gari langu mbele ya baraza yake, akanitia redio mkononi. Nilikuwa na mikono michafu ya viazi. Nikamwambia, "Ami, nitaichafua." Akasema, "Mikono si ndiyo hiyo hiyo utakayoshikia kila kitu?" Akapeleka yake nyuma. Hamali mimi, miaka tisa mjini, hakuna mtu mwenye kanzu safi aliyewahi kunipa kitu nikishike bila kusema angalia usivunje. Nikatoka pale kila siku nnapita. Nikajua kila kidude chake, kuliko yeye. Yeye alijua kitufe cha kuwashia. Mimi nilivijua vyote.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Ilikuwa Ramadhani, moja katika zile zilizoangukia miezi ya joto, miaka ya tisini mwishoni. Katika mfuko wa nne wa Karani kulikuwa na kitu kipya, ukubwa wa kibiriti, kinajua nyakati za sala na kinaadhini chenyewe. Ndani yake mna majina ya miji. Unguja hamna. Karani alikiweka Dar es Salaam, kwa kuwa ni hapo ng'ambo tu na jua lao na letu halipishani. Mwanzo wazee walikicheka. Lakini walikilinganisha na msikiti siku kumi mfululizo wakaona kipo sawa, kinachelewa kidogo tu, na kuchelewa hakudhuru. Maalim ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali.

Maalim alikuwa na chuo cha Kurani mtaa wa pili, kashapita themanini, nusu ya mji kasomesha yeye. Tangu utoto hakuwahi kula mchana wa Ramadhani, akiwa mzima au mgonjwa. Karani alimfuata wiki nzima. "Maalim, shika kwanza." Maalim anaikunja mikono yake kwapani. Siku ya nane akaifungua. Kidude kikaadhini kiganjani mwake, sauti nzuri, na yule mzee akafumba macho. Nimewahi kumwona Karani na furaha, lakini si kama siku ile.

Na mimi? Mimi nilikuwa namtaka Maalim kwa jambo jengine. Fremu ya duka iliyo chini ya nyumba yake, mkabala na baraza ya Karani, ilikuwa tupu. Simu za mkononi zilikuwa zinaanza kuingia, na mimi peke yangu katika mahamali wote wa Darajani nilijua zitakwenda wapi. Maalim alishanipa neno: Idi ikipita, funguo zako. Asingetaka kusikia habari yangu yoyote mbaya baina ya siku ile na Idi.

Alasiri moja Karani akenda kusali, kidude akanachia mimi. Nilikuwa nshasali msikiti wa sokoni. Akapita mfanyabiashara mmoja, mgeni wa Mombasa, anatafuta vitambaa. Nikafanya kama nilivyoona kunafanywa. "Shika kwanza, ami." Nikapeleka mikono nyuma. Mgeni akakigeuza geuza. "Na kwetu kinakujua?" Nikamwambia, "Kinakujua kuliko wewe!" Nikabonyeza, nikabonyeza, nikakitoa Dar es Salaam nikakitia Mombasa. Mgeni akacheka akanipiga bega, akasema, "Wewe una kichwa, unafanya nini na gari la hamali?" Maneno yale yalinipanda kichwani kama ulevi. Akaondoka. Kidude nikakiweka juu ya baraza. Sikukirejesha.

Magharibi ikakaribia, mawingu mazito, na umeme ukakatika mji mzima. Vipaza sauti vya misikiti vyote vimekufa. Futari ilishatoka nje kama desturi yetu, kila nyumba na sahani yake: tende, uji wa pilipili manga, kalimati, mihogo ya nazi. Tulikuwa watu kumi na wawili. Maalim kakaa katikati, safari hii kaja mwenyewe, kwa sababu alisema giza hili litawachelewesha waadhini, bora tusikilize kidude cha Karani. Kasema kidude cha Karani! Karani aliposikia, masikio yalimwiva.

Kikaadhini.

"Bismillahi," akasema Maalim, na tende ikaingia.

Mimi tende yangu ilikuwa mdomoni haijafika ulimini nilipokumbuka. Sikilizeni vizuri, kwa sababu hili sijamwambia mtu. Nilikumbuka kabla ya kula. Mombasa wanatutangulia dakika tano miezi ile. Nilikuwa na nafasi ya kusema "Ngojeni!" neno moja, na wangalau Maalim angeitema, na mimi ningekuwa hamali mpumbavu aliyechezea kitu cha watu, na fremu ingekwenda kwa mwengine. Nikaitazama fremu. Ilikuwa pale pale, ng'ambo ya njia, mlango wake umefungwa. Nikaitafuna tende. Nikatia na ya pili.

Tulikuwa kwenye uji ndipo mwadhini wa msikiti wa pembeni alipopanda juu akaadhini kwa koo lake. Mikono yote ilisimama hewani.

Maalim akaweka bakuli chini. "Nini hii?"

"Labda yule kachelewa," mtu akasema.

Msikiti wa pili ukaadhini. Wa tatu.

"Karani," akasema Maalim, sauti ndogo, "umenilisha mchana."

Karani alikiokota kidude akakisogeza machoni. Nilimwona anasoma. Nilimwona anaelewa. Kisha akainua macho akanitazama mimi, na akaendelea kunitazama, muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Ananisubiri. Mimi nikainama nikaokota kokwa ya tende.

Akasema, "Ni mimi, Maalim. Nimekosea kukitengeza."

Basi mji ulifanya kazi yake. Walimwita mlisha watu. Waliokuja kukishika kidude wiki iliyopita walisema walikuwa wanakitilia shaka tangu mwanzo. Askari yule yule wa mpira alimpita bila salamu. Watu kumi na wawili tulitakiwa tuilipe siku moja, jambo la kawaida kabisa, wagonjwa wanalipa, wasafiri wanalipa, na hakuna anayesemwa. Lakini Maalim hakuwahi kuilipa. Siku ya nne ya Idi alianguka, hakuinuka tena, akafa kabla Shawwal haijesha.

Karani alikwenda mlangoni kwa Maalim akaomba ruhusa ya watoto wake amfungie baba yao siku ile moja. Nilikuwa fremuni napaka rangi, nilisikia yote. Mtoto mkubwa alimwambia, "Wewe ushamfungulia, inatosha," akafunga mlango. Karani akageuka. Akaniona na burashi. Akasema, "Hongera ya duka, yakhe," akashika njia yake. Mifuko ya kanzu ilikuwa imelala bapa.

Hakumtia tena mtu kitu mkononi. Na miaka miwili baadaye mji wote ulijipanga mbele ya duka langu. Walikuja wote, na wa kwanza wao watoto wa Maalim. Walizitaka simu kama watu wanaotaka maji. Nilikuwa nawatia simu mkononi, napeleka mikono yangu nyuma, "Shika kwanza," na wao wanacheka, "Kama Karani!" Hapo ndipo jina lake lilipoanza kurudi. Wamemsahau aliyewalisha, wakabaki na mchezo wake.

Mnanipigia kelele kwamba hasira zangu kwake ni za nini? Ni za zile pumzi tatu alizonisubiri. Kama alijua, angesema! Angenyoosha kidole, "Huyu hapa." Ningepigwa kofi, wangecheka, Maalim angeniombea dua ya adabu, na yamekwisha. Yeye akabeba. Nani alimwomba abebe? Mimi nimebeba magunia ya watu miaka tisa, najua raha ya mzigo ni kuutua. Huu kanitwisha mimi kwa kuubeba yeye.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake kapooza upande. Mkewe keshakufa. Nilichukua simu ghali kuliko zote dukani, mpya, ndani ya boksi, nikavaa kanzu ya Idi.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Tajiri huyo."

Nikaitoa. "Shika kwanza," nikamwambia, nikapeleka mikono nyuma nikitaka acheke. Mkono wake mzima ukaishika. Akaigeuza, akaipima uzito, kidole gumba kikapita juu ya vitufe kama mtu anapapasa uso wa mtoto.

"Ina adhana?"

"Inayo."

"Inaijua Unguja?"

"Inaijua, ami. Jina limo, limeandikwa kabisa."

Nikasema kwa haraka, "Ami, siku ile ni mimi niliyebonyeza Mombasa."

"Nnajua."

"Nisamehe."

"Mimi nshakusamehe pale pale na uji mkononi," akasema. "Langu mimi limekwisha. Wasiojua nani aliyewalisha ni wale." Akaninyooshea simu. "Ichukue. Nenda nayo barazani, wapo watano hai. Na watoto wa Maalim wapo. Waambie. Halafu njoo nayo, nitaipokea."

"Ami, mambo yashapita..."

"Chukua, yakhe. Nimechoka mkono."

Nikaichukua. Nikenda barazani, wallahi nilikwenda. Walikuwepo. Walinipisha nafasi ya katikati, wakaniagizia kahawa, mmoja akanambia mwanawe kamaliza chuo Tunguu, nimtazamie kazi dukani. Nikazungumza habari za Kendwa, bei ya kodi na wageni. Nikanywa vikombe vitatu. Nikaondoka.

Nilijipa wiki. Wiki ya pili ilikuwa na mzigo bandarini. Ya tatu wakaja kunambia keshazikwa asubuhi, mimi nilikuwa Kendwa.

Haya, nimesema. Aliyewalisha mchana siku ile ni mimi, na aliyemuacha Maalim aende na siku yake moja ni mimi, na Karani hakukosea kitu. Atakayetaka kuhama duka langu ahame. Simu yake sijaiuza. Imo kwenye mtoto wa meza, ndani ya boksi lake, na kila Ramadhani naitia chaji. Magharibi ikifika inaadhini humo humo ndani, saa za Unguja, sawasawa na msikiti. Na mimi huingoja mpaka imalize, kisha ndipo nnakula.